Kitabu cha Kabati la Kioo

Plasta ilipokatwa, Wambua aliutazama mkono wake wa kulia kama mtu aliyekabidhiwa mzigo usio wake. Ulikuwa umepauka na kukonda, ngozi imejaa magamba kama mguu wa kuku, na vidole vinne vimesimama wima. Reli ndiyo iliyouponda. Genge lao lilikuwa likishusha chuma kutoka kwenye toroli karibu na Maungu, mtu mmoja akateleza, na chuma hakikuchagua.

Sista, nesi wa Kizungu aliyesimamia hospitali ile ndogo ya Voi, aliugeuza mkono mara moja tu, akaurudisha mezani.

"Mfupa nashika," alisema. "Sasa kwenda nyumbani. Hii mkono napumzika. Hapana kazi kabisa."

"Mpaka lini, Sista?" aliuliza Mumbe, mke wa Wambua.

"Wiki nane. Daktari ya reli nakuja. Yeye naona."

Karani wa reli alikuwa ameshawaeleza daktari huyo angeona nini. Kazi ya Wambua ilikuwa kutembea juu ya njia ya reli kila asubuhi na nyundo ya mpini mrefu, akigonga kabari zilizolegea. Daktari angempa nyundo hiyo. Akiishika na kuinyanyua, kazi yake ipo. Asipoweza, angepewa barua, na aliyepewa barua hiyo ana siku saba za kutoa vyombo vyake landhi.

Landhi zilikuwa nyumba za mistari za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja kwa jamaa nzima. Cha Mumbe kilivuja mvua ikinyesha na kilichoma jua likiwaka, lakini ndicho alichokuwa nacho. Kwao Kibwezi, kaka zake Wambua walikuwa wameshagawana shamba mpaka mpakani. Wakirudi kule na mtoto wao Katunge, wangerudi kama wageni, na mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Nani angelishika?

Basi Mumbe akaupumzisha mkono ule kama yai la kuazima. Aliufunga kifuani kwa leso. Alimlisha mumewe, alimwogesha, alimfunga vifungo vya shati. Wambua akinyoosha mkono wa kushoto kuchukua kikombe, Mumbe alikiwahi. Katika landhi, mwanamke anayemwacha mgonjwa wake ajichotee maji husemwa mpaka kituoni. Yeye alisifiwa. Priscilla, jirani wa mlango wa pili, aliwaambia wanawake bombani, "Mtazameni Mama Katunge. Mgonjwa wake hajui hata sufuria iko wapi." Mumbe alisikia, akaona raha. Raha hiyo alikuja kuichukia baadaye kuliko matusi.

Wiki ya tatu alipita Zephaniah, dresa wa hospitali, aliyekuja kumfunga jirani kidonda cha mguu. Alikuwa Mtaita wa Werugha, mrefu, mwenye sauti ya chini na kucha zilizokuwa njano kwa dawa. Aliiona leso kupitia mlangoni, akaingia bila kukaribishwa.

"Nani kasema ufungwe hivi?"

"Sista," alisema Wambua.

"Mama, fungua."

Mumbe alifungua. Zephaniah aliuweka mkono juu ya goti lake. "Kunja vidole."

Jasho lilimtoka Wambua kwenye mdomo wa juu. Hakuna kidole kilichosogea.

"Mama Katunge," Zephaniah aliuliza, "bawaba za mlango usiofunguliwa miezi mitatu huwaje?"

"Hushika kutu."

"Basi kutu hii umeilisha kwa kijiko."

Mumbe alisimama. "Nimefanya nilivyoambiwa. Na wewe kama ulijua, ulikuwa wapi siku ile ya plasta? Si ulikuwa pale, umeshika makasi?"

Zephaniah akawaeleza. Kulikuwa na kitabu. Kilitoka Uingereza, jalada la buluu, kizito kama tofali, na ndani yake mlikuwa na mafunzo ya kurudisha nguvu za viungo kwa kumpa mgonjwa kazi: kazi gani kwa bega, kazi gani kwa goti, kazi gani kwa kidole, na picha za kila kitu. Kilikaa kwenye kabati la kioo ofisini kwa Sista. Aliomba kukisoma mara mbili. Mara ya kwanza Sista alimwambia, "Hii kitabu ya mtu nasomea. Wewe nafunga kidonda." Mara ya pili alimwambia aonyeshe mikono, juu na chini, kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliona ule unjano kwenye kucha, dawa yake mwenyewe ya hospitali, akacheka, akafunga kabati.

"Sasa umejuaje kilichomo?" Wambua aliuliza.

"Nani hupangusa vumbi la kabati hilo kila Jumamosi? Napewa ufunguo nusu saa. Nasoma kurasa mbili, tatu, nikifika nyumbani nachora kabla sijasahau."

"Na mkono?" Mumbe alisema. "Mkono unasemaje?"

"Sijaufikia. Nilianza mwanzo. Niko kwenye bega."

Mumbe alimtazama mtu huyu msomi. "Ndugu yangu," alisema, "ruka bega."

*

Jumamosi tatu Zephaniah alileta karatasi, tisa kwa jumla, zilizochorwa nyuma ya vibandiko vya makopo ya dawa. Mikono mitupu: mkono umenyooka, mkono umekunjwa nusu, kidole gumba kinafuata vidole vingine kimoja kimoja. Pembeni aliandika idadi, kumi, kumi, ishirini. Mumbe hakujua kusoma, ila mkono uliochorwa hauhitaji shule. Aliuweka mkono wake juu ya picha, kisha akauweka wa Wambua juu ya wake.

Kila siku alimtumbukiza mumewe mkono katika maji ya moto, akamfanya akamue kitambaa, akampa maharagwe ayachambue punje kwa punje. Wambua alilia kwa maumivu, akatukana, akasema dresa ni mchawi wa milimani. Mumbe alisema, "Tukana, lakini kunja."

Karatasi ya nane ndiyo iliyoleta vita. Zephaniah alikuwa amechora mtu mzima, mwanamume mwenye masharubu, ameketi akisuka kikapu.

"Mama, wewe si unasuka viondo? Mpe. Kuvuta uzi, kubana, kuachia. Kitabu kinasema hakuna kinachoshinda hiki."

"Mimi nisuke kiondo," Wambua alisema, kama anayehakikisha amesikia.

"Huyo kwenye picha ni Mzungu. Anasuka."

"Mzungu huyo haishi landhi."

Mkamba hasuki kiondo. Kiondo ni cha mama yake, cha mke wake, cha binti yake. Mwanamume huchonga mzinga na upinde, na akikosa kazi hukaa tu, na kukaa tu kuna heshima kuliko uzi. Wambua aligoma siku nne. Siku ya tano Mumbe alimwekea kiondo ambacho hakijaisha juu ya mapaja, akasimama mlangoni.

"Baba Katunge, wewe utasukwa na njaa ya Kibwezi. Chagua uzi."

Akaanza kusuka, mlango umefungwa. Lakini chumba cha landhi kina nyufa, na Priscilla alikuwa na macho.

"Hodi, Mama Katunge," aliita kwa nje, sauti ya bombani. "Nasikia umeletewa mke mwenza. Mbona hatujala pilau?"

Wanawake walicheka. Wambua alikitupa kiondo ukutani, akatoka, akarudi jua limetua. Asubuhi Mumbe alitoa vigoda viwili nje ya mlango, mbele ya watu wote, akaketi kwenye kimoja, akaanza kusuka.

"Keti," alimwambia.

"Hapa?"

"Hapa. Wakimaliza kucheka watachoka, wewe utakuwa na mkono."

Wambua alikaa. Walicheka siku tatu. Wiki ya saba, kidole cha shahada kiligusa kiganja, na Wambua akakitazama, akakirudia, akakirudia tena.

*

Siku mbili baadaye ukaja msako. Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, Hali ya Hatari imekaza, treni zenye nondo madirishani zinapita kwenda kambi ya kizuizini ya Manyani zimejaa watu. Mkamba yeyote wa reli aliyewahi kufanya kazi Nairobi alitazamwa kama kiberiti. Asubuhi na mapema askari waliingia landhi, chumba kwa chumba. Walimwaga unga. Walichana godoro. Koplo akatoa karatasi tisa, akampelekea Inspekta, kijana wa Kizungu aliyekuwa bado na chunusi.

"Hii ni nini?"

"Mazoezi ya mkono, bwana," alisema Wambua.

"Ishara. Hii ishara gani? Hii kumi ni watu kumi? Ishirini ni watu ishirini?"

"Ni mara, bwana. Kukunja mara kumi, mara ishirini."

"Nani alichora?"

Wambua alinyamaza. Koplo alimpiga kofi, naye akanyamaza. Walimfunga pingu. Chuma kilipobana kile kifundo kilichokuwa kimeanza kupona, Mumbe ndiye aliyepiga kelele.

Alikwenda kituoni siku hiyo na kesho yake. Koplo alimwambia arudi nyumbani akaandae nguo nzito, Manyani usiku kuna baridi. Siku ya tatu alikwenda hospitali, akampata Zephaniah anaosha bandeji.

"Hajasema jina lako," alimwambia. "Wamempiga, hajasema. Sikuja kukulazimisha. Nimekuja ujue."

Zephaniah alikamua bandeji, akaitundika, akachukua nyingine. "Nina watoto watatu Werugha, mama."

"Najua."

"Nikisema, nimekwisha."

"Najua. Na usiposema, Jumatatu treni itampeleka."

Alitundika bandeji ya pili, akafuta mikono. "Twende," alisema. Hakuvua hata aproni.

Inspekta alimsikiliza huku anacheka. Dresa anajua kuchora hivi? Dresa anajua kitabu cha madaktari wa Uingereza? Uongo. Walipatana kudanganya. Zephaniah akasema, "Bwana, kitabu kipo. Mwite Sista akilete."

Sista alikuja na kitabu kimefungwa kwa taulo nyeupe. Mumbe alikiona kwa mara ya kwanza. Aliona kitu kingine pia, ambacho kilimkaa kooni siku zote: kurasa nyingi zilikuwa bado zimegandana kwa upya. Inspekta alizipekua kwa kucha, zikilia ta, ta, ta. Zilizokuwa huru ni za bega, ambako Zephaniah alianzia, na za mkono, alikorukia. Kwingine kote hakukuwa kumepita kidole cha mtu.

Waliweka karatasi moja moja kando ya picha. Ya kwanza, sawasawa. Ya pili, sawasawa. Hata masharubu ya yule msukaji yalikuwa sawasawa.

"Na hii, Sista?" Inspekta aliuliza kwa Kiingereza, akionyesha picha ya tatu. Zephaniah alimweleza Mumbe maneno hayo baadaye. "Zoezi hili ni la nini?"

Sista aliinama, akatazama. Akageuza kitabu kidogo. Akakirudisha kilivyokuwa.

"La kidole gumba, bwana," alisema Zephaniah. "Kikifunzwa kukutana na vidole vingine, mtu anaweza kushika mpini."

Uso wa Sista ulikuwa mwekundu hadi shingoni. "Mwizi," alisema kwa Kiswahili, ili koplo na Mumbe wasikie. "Mimi nampa ufunguo, yeye naiba."

Zephaniah alimtazama. "Nimeiba nini, Sista? Kitabu si hicho, umekishika."

Hivyo ndivyo kitabu kile kilivyofunguliwa. Kwa ajili ya mkono wa Wambua kilikuwa kimekaa kabatini, kizuri, kisafi, hakina vumbi. Kwa ajili ya polisi kilitolewa mara moja, kwa taulo.

Wambua aliachiliwa jioni. Zephaniah alifukuzwa kazi kabla ya hapo, na barua ya kuonyesha kuwa aliwahi kufanya kazi hospitalini hakupewa. Bila barua hiyo hakuna hospitali ambayo ingempa hata ufagio. Karatasi tisa Sista alizichana pale pale, akazitia kwenye ndoo.

*

Daktari wa reli alikuja Jumanne iliyofuata. Alikuwa mzee mkarimu mwenye miwani, aliyemwomba Wambua aketi. Nyundo ilikuwa imelazwa juu ya meza. Sista alisimama nyuma ya kiti cha daktari, karani wa reli alikuwa pembeni kufasiri, na Mumbe alisimama ukutani karibu na mumewe.

Siku tatu za pingu zilikuwa zimeurudisha mkono nyuma, lakini tangu alipotoka hawakulala sana. Wambua aliinuka. Kidole gumba kilizunguka mpini, vidole vikafuata kimoja kimoja, cha mwisho kikisitasita. Akaibana. Akainyanyua mpaka juu ya bega, akaishusha bila kuiangusha.

Daktari alipiga meza kwa kiganja. Alimgeukia Sista, akasema maneno mengi.

"Anasema nini?" Mumbe alimnong'oneza karani.

"Anasema hajawahi kuona mkono uliovunjika hivyo ukirudi hivi. Anampongeza Sista. Ataandika ripoti Nairobi, hospitali zingine zijifunze kwake."

Sista aliinamisha macho. Alisema maneno machache.

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema hakufanya kitu kikubwa. Alikuwa na kitabu kizuri tu."

Mumbe alimtazama Wambua. Wambua alikuwa akitazama kalamu ya daktari, iliyokuwa juu ya karatasi, bado haijaandika. Alimgusa kwa mguu. Wambua hakugeuka. Mumbe akavuta pumzi, akafungua mdomo yeye mwenyewe, na hapo mumewe akamshika mkono juu ya kiwiko, akambana anyamaze.

Alimbana barabara. Vidole vinne na gumba, Mumbe alivihisi vyote, kila kimoja mahali pake.

Akanyamaza. Kalamu ikaandika.

Nje, Wambua alisema, "Ulitaka tufukuzwe?"

"Polisi walikupiga hukumtaja. Nikakuona mwanamume."

"Pale kumtaja kulikuwa kumwumiza. Hapa kumtaja kulikuwa kutuumiza sisi, na yeye kusingemsaidia."

"Hujui kama kusingemsaidia. Hatukujaribu."

Mumbe akatangulia kuelekea sokoni.

Walimkuta Zephaniah sokoni, akingoja basi la Wundanyi na sanduku lake la bati. Wambua alijifanya kuulizia bei ya viazi. Mumbe alikwenda.

"Cha mwisho kimefika kiganjani?" Zephaniah aliuliza, kabla ya salamu.

"Kimefika. Kwa kuchelewa."

"Asiache kusuka. Mwezi mmoja zaidi, hata kama amerudi kazini. Daktari kasemaje?"

"Amemsifu Sista."

"Na nyinyi?"

Mumbe alitazama vumbi la barabara. Zephaniah alielewa. Alitikisa kichwa polepole. "Mngesema nini, mama? Mngepoteza nyumba bure. Usijali."

"Usinihurumie," Mumbe alisema. "Nitukane. Nitukane hata neno moja, kaka, niende nalo."

Zephaniah alicheka kidogo, akainua sanduku lake, akapanda.

*

Mwezi haukuisha kabla ya mtu wa kwanza kuja. Alikuwa mkata katani wa shamba moja nje ya mji, jina lake Gibson, aliyekatwa mishipa ya kiganja kwa panga. Mkewe Susan alimleta, mumewe akiwa amefungwa mkono kifuani kwa kanga safi, kama alivyokuwa Wambua. Walikuwa wamesikia kwamba landhi kuna mwanamke anayefungua mikono. Hospitali waliambiwa wapumzishe.

Mumbe aliwapa kigoda nje ya mlango. Alifungua kanga ile, akauweka mkono juu ya goti lake, akavitazama vidole vilivyojikunja vikakataa kunyooka. Hakuwa na karatasi. Hakuzihitaji, alikuwa nazo zote tisa.

"Unaweza?" Susan aliuliza.

"Naweza. Lakini kabla sijakugusa, sema: Zephaniah wa Werugha."

Gibson alimtazama mkewe. "Ni dawa?"

"Ni mtu. Ndiye aliyetufundisha. Sema."

"Zephaniah wa Werugha," alisema Gibson, kwa sauti ya mgeni.

Ndani ya chumba Wambua alikuwa akivaa viatu vya zamu. Mumbe hakugeuza kichwa, ila alipaza sauti ipite mlangoni.

"Sijasikia. Tena."

"Zephaniah wa Werugha."

Ndani, Wambua aliacha kufunga kamba za viatu.